Kompyuta ya mwalimu wa Uyole: kuchagua SSD kwa mashine ya nyumbani iliyokwisha kutumika

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 3020 ya mezani, lile umbo dogo, iliyonunuliwa ikiwa imetumika kama zilivyo nyingi zinazouzwa Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya. Ndani ina Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 aina ya DDR3, na hadi diski (hard disk) ya GB 500 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Iko sebuleni kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Uyole. Yeye anachapia mitihani na kujumlisha matokeo ya wanafunzi kwenye Excel, wanawe wawili wanajisomea na kuangalia filamu, na mke wake, ambaye ni katibu wa kwaya, amehifadhi humo video za kwaya na picha za harusi za miaka mingi.

Malalamiko yalikuwa ya kawaida. Ikiwashwa, inapita zaidi ya dakika nne kabla haijakubali kufungua Word. Excel inaganda katikati ya kujumlisha. Umeme ukikatika na kurudi, inaanza kukagua diski na kukaa hapo kwa muda mrefu. Fundi wa mtaani alitoa ushauri wake: "Mwalimu, weka SSD tu, itakuwa kama mpya." SSD ni diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka ndani. Ushauri si mbaya, ila haujasema ni SSD ipi, ya ukubwa gani, na kama SSD peke yake inatosha.

Fedha iliyokuwepo ilikuwa shilingi 200,000, na mapendekezo yaliyokusanywa kwa marafiki na madukani yalikuwa matano: SSD ya GB 256 isiyo na jina linalojulikana, kwa bei chee, SSD ya TB 2 iliyotangazwa mtandaoni kwa bei ambayo ilikuwa karibu sawa na hiyo ya GB 256, Samsung 870 EVO ya GB 500 ya kuagiza Kariakoo iletwe kwa basi, Kingston A400 au Crucial BX500 ya GB 480 inayopatikana papo hapo, na SSD ya NVMe ya kufunga kwenye kadi ya PCIe, kwa sababu kijana mmoja alisema NVMe, njia mpya zaidi ya kuunganisha SSD, ina kasi mara sita ya SATA, njia ya zamani ya waya.

Mashine ilikuwa inaumwa nini

Kabla ya kununua chochote, Task Manager ilifunguliwa kwa Ctrl, Shift na Esc mara tu baada ya kuwasha. Safu ya diski ilionyesha asilimia 100, lakini kasi iliyosomeka ilikuwa MB 1 hadi 3 kwa sekunde. Wengi wakiona 100 wanadhani diski inahamisha mzigo mkubwa. Maana yake hasa ni kwamba muda wote kuna maombi yanayoisubiri, hata kama kila ombi ni dogo.

Hesabu yake iko hivi. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3. Kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko mbele, yaani kama milisekunde 4.2 za kusubiri. Ongeza milisekunde nane au tisa za kichwa cha kusomea kusogea hadi kwenye njia husika. Ombi moja limekula milisekunde 12 au 13, na diski nzima haiwezi kujibu zaidi ya maombi 80 hivi kwa sekunde. Ikiwa kila ombi ni la KB 4, umepata KB 320 kwa sekunde kutoka kwenye kifaa ambacho kwenye faili moja kubwa kingeweza kutoa MB 150. Windows inapowaka inaomba vipande vidogo kwa maelfu, vilivyotawanyika kila kona ya diski. SSD ya SATA inajibu ombi la namna hiyo kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Hapo ndipo faida yote ya nyumbani ilipo, na SSD yoyote halali inayo, hata ya bei ya chini.

Kitu cha pili kwenye Task Manager kilikuwa RAM: asilimia 88 imejaa kabla ya kufungua chochote. GB 4 zikijaa, Windows inahamishia ziada kwenye faili la akiba ndani ya diski, na diski ileile iliyolemewa inapewa kazi ya kuwa RAM. Excel ilikuwa inagandia hapo. SSD ingepunguza maumivu haya bila kuyaondoa.

Cha tatu ndicho kilichobadilisha uamuzi mzima. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski, ilionyesha hadi diski kwa rangi ya njano, na mstari wa C5 ulisoma 18. Mstari huo unahesabu sehemu za diski ambazo zimeshindwa kusomeka na bado hazijaamuliwa kama zimekufa. Programu hii kwa kawaida inaandika thamani ghafi kwa mfumo wa namba wa kumi na sita, kwa hiyo 18 hapo ni sehemu 24. Ukitaka ikuonyeshe kwa namba za kawaida, nenda menyu ya Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, uchague 10. Diski yenye C5 juu ya sifuri inaweza kuishi mwaka, inaweza kufa kesho. Video za kwaya zilikuwa humo peke yake, hazikuwa na nakala popote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya duka lolote, ilikuwa kuazima diski ya nje na kunakili: kwanza matokeo na mitihani, pili picha, tatu video, filamu mwisho. Mpangilio huo una sababu. Kunakili kunaichosha diski mgonjwa, na ikifia njiani unataka kiwe kimeshatoka kile kisichoweza kupatikana tena. Faili likigoma, liruke uendelee na mengine, usikae kulilazimisha.

Ukubwa ulitangulia kila kitu

Pendekezo la fundi la GB 256 lilitegemea mpango unaojulikana sana: Windows ikae kwenye SSD ndogo, video na picha zibaki kwenye hadi diski ya zamani. Ni mpango mzuri kama hiyo hadi diski ni nzima. Hii haikuwa nzima, kwa hiyo kila kitu kilitakiwa kuhamia SSD, na swali likawa rahisi: vitu vyenyewe ni vingi kiasi gani?

Vilipimwa. Windows na programu GB 48, video za kwaya GB 96, picha GB 41, kazi za shule GB 6, filamu GB 24. Jumla GB 215.

Watengenezaji wanahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, Windows inahesabu 1,073,741,824. Ndiyo maana SSD ya 240 inasomeka 223 kwenye Windows, ya 256 inasomeka 238, ya 480 inasomeka 447, na ya 500 inasomeka 465. Weka 215 ndani ya 238 na umebakiwa na GB 23, chini ya asilimia kumi. Hilo ni tatizo kubwa kuliko linavyoonekana, na sababu yake iko ndani ya chipu.

SSD nyingi za leo zinatumia chipu za TLC, ambazo seli moja inabeba biti tatu, au QLC, ambazo seli inabeba nne. Kubeba biti tatu maana yake ni kutofautisha ngazi nane za chaji ndani ya seli moja. Biti nne ni ngazi 16. Kadiri ngazi zinavyosongamana, ndivyo kuandika kunavyohitaji uangalifu na muda. Ili mtumiaji asiione polepole hiyo, kontrola, yaani chipu inayoiongoza SSD, inachukua sehemu ya seli zilizo wazi na kuandika humo biti moja moja kwa haraka, kisha baadaye, kompyuta ikitulia, inazipanga upya kwa biti tatu au nne. Eneo hilo la haraka kwenye SSD nyingi linakatwa kutoka kwenye nafasi tupu. Diski ikijaa, eneo la haraka linasinyaa, na kunakili video moja ya harusi kunalimaliza. Achia asilimia 15 hadi 20 wazi kama unataka SSD iendelee kuwa na tabia iliyokufanya uinunue.

Kwa nyumba hii, basi, 240 na 256 ziliondoka mezani. TB 1 ingekuwa starehe lakini ingekula fedha ya RAM. Ikabaki 480 au 500, yenye kubeba GB 215 za leo na nafasi zaidi ya GB 200 za kukua. Mtu ambaye kompyuta yake ina Word, kivinjari na GB 60 za vitu, 240 inamtosha kabisa; asishawishiwe kulipa zaidi.

Mapendekezo matano, moja baada ya jingine

NVMe iliondoka mapema. OptiPlex 3020 haina tundu la M.2, lile la kuchomekea SSD nyembamba, kwenye mazabodi. Kadi ya PCIe ya kubebea NVMe inaingia, na Windows ikishawaka inaiona, ila BIOS, programu ya mazabodi inayoanzisha kompyuta, ya mashine za kizazi hicho haijui kuanzia kwenye NVMe bila kuchezewa. Ungekuwa na diski ya kasi ambayo haiwezi kuwasha kompyuta, Windows ikabaki kwenye hadi diski ileile mbovu. Hata mashine ingeikubali, kasi ya MB 3,500 kwa sekunde inayoandikwa kwenye boksi la NVMe ya PCIe 3.0 ni ya faili moja kubwa linalosomwa mfululizo. Kwa kuwasha kompyuta na kufungua Excel, tofauti ya NVMe na SATA ni sekunde chache, wakati tofauti ya hadi diski na SATA ni dakika kadhaa.

Mwenye mashine ya kizazi cha sita au zaidi aangalie ndani kwanza. Akikuta tundu la M.2, asome mwongozo wa mashine kama linapokea SATA, NVMe au zote mbili, kwa sababu vipande vyote viwili vina upana wa milimita 22, vingi vina urefu wa milimita 80, na kwa macho vinafanana. Mwanya mmoja upande wa meno kwa kawaida ni NVMe. Miwili mara nyingi ni SATA, japo zipo NVMe zenye miwili, kwa hiyo karatasi ya kifaa isomwe.

TB 2 kwa bei ya GB 256 haikuhitaji mjadala mrefu. Vifaa vya namna hiyo hufunguliwa na kukutwa ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu (memory card) ya simu au flashi iliyobandikwa gundi, kontrola yake ikiwa imefundishwa kudanganya ukubwa. Unaandika, inapokea, ikipita ukubwa wake wa kweli inaandika juu ya data za mwanzo au inatupa, na hutajua mpaka siku unayofungua picha. Kipimo chake ni programu ya bure ya H2testw, inayojaza diski nzima kwa data inayojulikana kisha kuisoma tena. Kumbuka muda: GB 480 kupitia USB 3.0 kwa MB 400 kwa sekunde ni dakika 20 za kuandika na nyingine kama hizo za kusoma, ila kupitia mlango wa USB 2.0, kwa MB 35, kuandika tu ni karibu saa nne. Muuzaji hatakusubiri dukani. Kubaliana naye mapema, na kiandikwe kwenye risiti, kwamba ndani ya siku tatu kifaa kikifeli kipimo kinarudi. Muuzaji anayekataa sharti hilo amekusaidia kuamua.

Ile ya GB 256 isiyo na jina ilishaanguka kwa ukubwa, lakini hata ingekuwa ya 480 ingekuwa na kasoro yake: hakuna karatasi. Kampuni zinazojulikana huandika dhamana kwa miaka na kwa TBW, yaani terabaiti ngapi unaweza kuandika kabla dhamana haijaisha. Kingston A400 ya GB 480 ina miaka mitatu na TBW 160. Crucial BX500 ya GB 480 ina miaka mitatu na TBW 120. Samsung 870 EVO ya GB 500 ina miaka mitano na TBW 300. Namba hizi zinawaogopesha watu bure. Nyumba inayoandika GB 15 kwa siku, ambayo ni nyingi, inaandika TB 5.5 hivi kwa mwaka. TBW 120 ingeimaliza baada ya miaka kama 22. Umuhimu wa TBW kwa mnunuzi wa nyumbani ni kwamba kuna mtu aliyeweka ahadi na anaweza kudaiwa.

Ubishi wa kweli ukabaki kati ya 870 EVO na zile mbili za bei ya chini. 870 EVO ni bora, hilo halina shaka. Ina TLC na ina DRAM, chipu ya kumbukumbu ya muda ambamo kontrola inaweka ramani ya kila kipande cha data kilipo. A400 na BX500 hazina DRAM. Ramani inakaa kwenye chipu zilezile za kuhifadhia, na kontrola inaipekua kipande kwa kipande. NVMe zisizo na DRAM zinaruhusiwa kuazima kidogo kwenye RAM ya kompyuta, ila SATA haina ruhusa hiyo. Utaiona tofauti diski ikikaribia kujaa na kazi nyingi ndogo zikiendelea kwa pamoja. Kwa kuchapa mtihani, kufungua kivinjari na kuangalia video, mkono hauihisi.

Jambo jingine kuhusu hizi za bei ya chini ni kwamba watengenezaji hubadilisha kontrola na chipu ndani ya jina lilelile bila kutangaza, na BX500 za ukubwa mkubwa zimetoka na QLC. Si uongo dhidi ya karatasi, kwa kuwa karatasi haikuahidi aina ya chipu, lakini mnunuzi ajue. QLC ikizidiwa inashuka vibaya: Samsung yenyewe inaandika kwamba 870 QVO ya TB 1, eneo lake la haraka la GB 42 likiisha, inaandika kwa MB 80 kwa sekunde, chini ya hadi diski nzuri. Kwa anayehamisha video nyingi kwa mkupuo hilo linauma. Ukishaifunga SSD yako unaweza kuipima kwa kunakili faili la GB 30 kutoka folda moja hadi nyingine na kutazama mchoro wa kasi wa Windows mahali unapoporomoka.

Uamuzi ukawa A400 ya GB 480, na fedha iliyobaki kwa kutoagiza 870 EVO ikanunua RAM ya DDR3 ya GB 4 iliyotumika, pamoja na fremu ya kushikia. Hapa hatuoni haya kusema wazi: mashine ya GB 8 yenye SSD ya kawaida inaishinda mashine ya GB 4 yenye SSD bora, kwa kazi zote za nyumba hii. OptiPlex 3020 ina matundu mawili ya RAM na inabeba hadi GB 16. RAM iwe ya mezani, ndefu. Ile fupi ya laptop haiingii. Kama fedha ingekuwa mara mbili, 870 EVO ingekuwa ya kwanza, kwa sharti kwamba programu ya Samsung Magician inaitambua kuwa halali, maana jina kubwa ndilo linaloigwa zaidi.

Sababu nyingine ya kutomimina fedha nyingi kwenye mashine hii ni umri wake. Windows 11 rasmi inataka kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na hii ni ya kizazi cha nne. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unafika 13 Oktoba 2026 tu. Baada ya hapo mashine kama hii inafaa zaidi kwa Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. SSD ya SATA ya inchi 2.5 haipotei siku mashine ikistaafu: inaingia kwenye kompyuta nyingine yenye mlango wa SATA, au inafungwa kwenye kava la USB.

Kufunga, na mahali panapoharibika

Kulikuwa na njia mbili: kunakili diski nzima kama ilivyo, au kuweka Windows upya. Kunakili kunapendwa kwa kuwa kila kitu kinabaki mahali pake. Hapa kulikataliwa kwa sababu ya C5: programu ya kunakili inaweza kukwama kwenye sehemu isiyosomeka, au ikahamisha faili la mfumo likiwa limeharibika, na kasoro ikahamia kwenye nyumba mpya. Mwenye hadi diski nzima anaweza kunakili, ila ajue mtego wa ukubwa. Diski ya 500 ni kubwa kuliko SSD ya 480, na programu kama Clonezilla kwa kawaida inakataa kwenda kwenye diski ndogo. Inabidi kwanza upunguze kizigeu cha C, ile sehemu ya diski yenye Windows, kwa Disk Management hadi kiwe kidogo kuliko 447. Kikigoma kupungua, zima hibanesheni (kulala kwa kompyuta kunakohifadhi kazi kwenye diski) kwa amri ya powercfg /h off na uondoe faili la akiba la RAM kwa muda, maana hayo mawili hukaa katikati ya diski na hayasogezeki. Crucial, Kingston na WD wanatoa toleo la Acronis, programu ya kunakili diski, kwa wateja wao, na linapunguza lenyewe.

Kwa kuweka upya, inatosha flashi ya GB 8 na bando la GB 6 hivi la kupakua Windows kutoka Microsoft. Kama Windows 10 ilishaamilishwa kwenye mashine hiyo, leseni imeshikamana na mazabodi na itajitambua yenyewe ukichagua toleo lilelile.

Umeme ulizimwa ukutani, waya ukachomolewa, kitufe cha kuwashia kikabonyezwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, na mkono ukagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Vumbi la Uyole la Septemba lilikuwa limeganda kwenye feni. Lilipulizwa huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke.

Skrubu ndizo zinazoharibu kazi nyingi hapa. SSD ya inchi 2.5 inatumia skrubu za M3, fupi. Za hadi diski ya inchi 3.5 ni nene zaidi na zina meno mapana ya kipimo cha inchi. Ukiilazimisha ya hadi diski iingie kwenye SSD, inaingia nusu, inakata meno ya kava, na dhamana imeondoka nayo. Fremu ya kugeuza 2.5 kuwa 3.5 huja na skrubu zake. Ukikosa fremu, gundi ya karatasi ya pande mbili inatosha, kwa kuwa ndani ya SSD hakuna kinachozunguka wala kutikisika.

SSD iliwekwa kwenye mlango wa SATA uliokuwa wa hadi diski, na hadi diski ikaachwa nje kabisa wakati wa kuweka Windows. Hili lisirukwe. Diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, Windows inaweza kuweka faili za kuwashia kwenye ya zamani na mfumo kwenye mpya. Kila kitu kinafanya kazi, mpaka siku unapoitoa ile ya zamani na kompyuta inasema haioni mahali pa kuanzia.

F12 ilifungua orodha ya kuanzia, flashi ikachaguliwa, Windows ikaingia. Kwenye BIOS, kwa F2, hali ya SATA (namna mazabodi inavyowasiliana na diski) ilithibitishwa kuwa AHCI kabla ya kuanza. Kuibadilisha baada ya Windows kukaa huifanya ishindwe kuwaka.

Mambo matatu yalikaguliwa mwishoni. CrystalDiskInfo iandike SATA/600 pande zote mbili za mstari wa njia ya mawasiliano. Ikiandika SATA/300 umechomeka kwenye mlango wa polepole, kwa sababu chipu ya H81 ya mashine hii inabeba milango ya aina zote mbili. Hata hivyo kwa vipande vidogo hasara yake si kubwa. Amri ya fsutil behavior query DisableDeleteNotify itoe sifuri kwa NTFS, yaani mpangilio wa mafaili wa Windows; sifuri maana yake TRIM, taarifa ya Windows kwa SSD kuhusu nafasi zilizofutwa, inafanya kazi. Na Task Manager ionyeshe RAM GB 8. Kompyuta sasa inafika kwenye Word tayari kuchapa chini ya nusu dakika.

Umeme, nakala, na diski ya zamani

SSD haikuondoa tatizo la umeme kukatika, imelibadilisha sura. Za bei ya nyumbani hazina kapasita za kutosha kumalizia kila kilichokuwa njiani, na mkato ukitokea kontrola inaandika ramani, SSD inaweza kutoonekana kabisa kompyuta ikiwashwa. Usiitupe mara moja. Crucial wanashauri waya wa umeme ubaki umechomekwa, wa data uchomolewe, kompyuta iwashwe iachwe dakika 20 hadi 30, izimwe, kisha zoezi lirudiwe mara moja zaidi. Kontrola hutumia muda huo kujenga ramani upya, na diski nyingi hurudi. Kinga ya kweli ni UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya VA 650, ambayo kwa mashine ndogo kama hii inatoa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Haikutosha kwenye bajeti ya mwezi huo na ikapangwa mwezi unaofuata. Mpaka hapo, msimu wa masika na radi zake, plagi inachomolewa mvua inapotanda.

TRIM nayo ina upande wake mchungu. Kwenye hadi diski, faili lililofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi fundi anaweza kulirudisha. Kwenye SSD, Windows inaijulisha kontrola kuwa nafasi hiyo haihitajiki, na kontrola inaisafisha. Lililofutwa limekwenda. Kwa hiyo nyumba iliyohamia SSD inahitaji nakala zaidi kuliko ilivyohitaji mwanzo, na nakala hizo zikae kwenye hadi diski ya nje iliyo nzima, inayochomekwa mara moja kwa wiki na kuondolewa. SSD si kitu cha kuweka kabatini kwa miaka bila umeme: kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida, zikiwa zimefikia mwisho wa TBW yake, kinadai zishike data mwaka mmoja tu kwenye nyuzi joto 30. Kabati la Mbeya ni baridi zaidi ya hapo na SSD mpya inashika kwa muda mrefu zaidi, lakini kumbukumbu za familia haziwekwi kwa kubahatisha.

Hadi diski ya zamani isifanywe diski ya nakala, hata kama moyo unauma kuitupa. Ikiwa inauzwa au kupewa mtu, ifanyiwe fomati kamili, si ile ya haraka, kwa kuwa ya haraka inafuta orodha tu na kuacha mitihani na majina ya wanafunzi mahali pake. Fomati kamili inaandika sifuri kila sehemu na kuilazimisha diski iamue zile 24 za C5: nyingine zitapona, nyingine zitahamia mstari wa 05 kuwa zimekufa rasmi. Namba ya 05 ikiendelea kupanda baada ya hapo, ivunjwe.

SSD yenyewe ikaguliwe kwa CrystalDiskInfo kila baada ya miezi mitatu. Wa kutazama zaidi ni mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano. Ukipanda wakati asilimia ya afya iko palepale, mwenye kosa karibu kila mara ni waya wa data uliolegea au uliokunjwa sana nyuma ya fremu. Ubadilishwe huo kwanza, na namba itasimama.